Nataka spika ndefu za sakafuni, lakini baba hasikii maneno

Fundi, salaam.

Naomba ushauri wako kabla sijafungua mkoba, maana nyumbani kwetu jambo hili limekuwa mjadala wa kila siku na kila mmoja ana lake.

Tunaishi na baba yangu. Ana miaka 71, na tangu astaafu starehe yake kubwa ni filamu za jioni. Sebule yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Runinga iko katikati ya ukuta mfupi, na kochi liko upande wa pili, mgongo wake umegusa ukuta. Sauti inatoka kwenye hom thieta tuliyonunua miaka tisa iliyopita: mashine moja inayocheza diski, vispika vitano vidogo na sabufa yake. Kispika cha katikati tumekisukuma ndani ya kabati la runinga, nyuma ya mlango wa kioo, ili mwanangu wa miaka miwili asikifikie.

Shida ni maneno. Baba hushika rimoti filamu nzima. Watu wakizungumza, anaongeza sauti. Gari likilipuka, anapunguza mbio mbio kwa kuwa mtoto amelala chumba cha pili. Wakirudi kuzungumza, anaongeza tena. Juzi niliacha kutazama filamu nikamtazama yeye: kidole gumba hakikuondoka kwenye kitufe hata mara moja. Kila baada ya muda ananigeukia, "Amesemaje?" Mara nyingine hata mimi sijasikia. Wiki iliyopita aliniambia, "Nenda kalale mwanangu, mimi nitaangalia picha tu." Fundi, neno hilo limenikaa moyoni.

Nina akiba kidogo. Nimeona jozi ya spika ndefu, zile za kusimama sakafuni, karibu mita moja kwenda juu, kila moja ina koni kubwa tatu na kibandiko kinachosema wati 1,200. Bei yake inaingia kwenye akiba yangu na chenji inabaki. Muuzaji anasema nizichomeke tu kwenye mashine niliyonayo. Kaka yangu anasema spika si hoja, ninunue sabufa kubwa. Mume wangu anataka tununue saundiba tuweke chini ya runinga, tumalize maneno. Mimi moyo wangu uko kwenye zile ndefu, sitakuficha. Naomba unieleze kama nakosea.

Binti wa Mzee

*

Dada yangu, salaam zimefika. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale mzee aliposema ataangalia picha tu. Mtu anapofika hapo, amekwisha kukata tamaa na sauti ya nyumba yake, na hiyo si hali ya kuiacha iendelee. Kwa hiyo nitaanza na masikio ya baba, kisha nije kwenye spika.

Kadiri umri unavyosogea, sikio hupoteza kwanza sauti za juu, zile nyembamba. Besi hubaki. Sasa angalia jinsi maneno yetu yalivyojengwa: irabu ndizo zenye nguvu na ziko chini; konsonanti kama s, f, t, k na ch ni nyepesi, na sehemu kubwa ya zile zinazotofautisha neno na neno iko juu, kuanzia kama hezi 2,000 kwenda mbele (hezi hupima wembamba wa sauti: namba ikiwa ndogo ni besi, ikiwa kubwa ni sauti nyembamba). Chukua kata, pata, paka, chapa, saka. Ondoa konsonanti, yote yanabaki "a-a". Mzee anasikia kwamba mtu anaongea, anasikia hata kama amekasirika, ila neno lenyewe limempita. Akiongeza sauti, anaongeza na muziki na ngurumo za nyuma, ambazo hazijampotea kabisa, nazo zinafunika kile kidogo alichokuwa amekidaka. Ndiyo maana sabufa kubwa ya kaka yako haiwezi kuwa hatua ya kwanza. Itatikisa kochi, na mzee atakuuliza "amesemaje" mara nyingi zaidi. Na wakati unaendelea na haya yote, mpeleke akapimwe masikio. Spika haiwezi kumrudishia alichopoteza, na kama anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, ni vema kijulikane mapema.

Kabla hujatumia hata senti, leo jioni fungua kile kioo cha kabati. Katika filamu zilizorekodiwa kwa chaneli tano, yaani njia tano za sauti, kila moja na spika yake, na ile ya besi, sehemu kubwa sana ya mazungumzo hutumwa kwenye spika moja tu, ya katikati. Na hiyo ndiyo mliyoifungia kabatini. Kioo kinazuia hasa zile sauti za juu ambazo mzee anazihitaji, na boksi tupu la kabati linaongeza mvumo wake wenyewe, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Itoe. Iweke juu ya kabati, uso wake ufike hadi ukingoni kabisa, pasibaki hata vidole viwili vya mbao mbele yake. Kama kabati ni fupi, inua pua ya spika kidogo kwa kipande cha mpira au kitambaa kilichokunjwa, ilenge uso wa mzee badala ya magoti yake. Kwa ajili ya mtoto, ifunge kwa kamba au mkanda wa kubandika kwa nyuma.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mashine. Tafuta kiwango cha kila spika, uongeze ya katikati kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tafuta pia chaguo la usiku. Majina hutofautiana, lakini kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, mlipuko usiwe mbali sana na mnong'ono. Hakikisha pia kwamba mashine inapokea sauti ya chaneli tano kweli, isiwe ya mbili. Mpe mzee siku tatu na hali hiyo. Sikuahidi maajabu, lakini nimeona nyumba ambazo nusu ya malalamiko yaliishia hapo.

Nusu ya pili ndiyo inayohitaji pesa, na hapa tunafika kwenye mapenzi yako. Hukosei kuzipenda spika ndefu. Nami nimeishi nazo miaka mingi na sirudi nyuma. Ila zile zenye kibandiko cha wati 1,200 ziache dukani, na zozote utakazonunua usizichomeke kwenye mashine ile ya zamani.

Nikueleze kwa nini, maana muuzaji hakukueleza. Mashine za hom thieta za boksi moja zimetengenezwa kwa vispika vyake tu. Geuza kispika kimoja usome nyuma: mara nyingi utakuta ukinzani wake kwa umeme, unaopimwa kwa omu, ni omu 3 au 4. Spika nyingi za sakafuni ni za omu 6 au 8. Mashine ikizoea kusukuma omu 3 ukaipa omu 8, nguvu inayotoka inashuka chini ya nusu. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba mashine hiyo haipeleki besi kwenye vispika vya mbele kabisa. Inajua ni vidogo, kwa hiyo besi yote inaikata na kuipeleka kwenye sabufa, na mara nyingi hakuna pahali pa kubadilisha hilo. Utakuwa umenunua spika yenye tumbo la kutoa besi, halafu unainyima besi. Zitasimama pale kama mapambo, zikisikika nyembamba, na wewe utadhani ulichagua vibaya.

Kuhusu wati 1,200, niliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia la namna hiyo. Jozi yangu ilikuwa na koni tatu kubwa kila upande, na mimi nilivutiwa na koni kama wewe. Baada ya mwezi nilifungua skrubu kutafuta mlio uliokuwa unakwaruza, nikakuta koni mbili kati ya tatu hazina sumaku wala waya nyuma. Zilikuwa karatasi na duara la plastiki, zimewekwa zionekane tu. Nilikaa sakafuni nazo mapajani nikiwa na hasira ambayo hata leo nikiikumbuka inarudi, kwa sababu ile pesa niliichanga polepole kama unavyochanga wewe.

Namba ya kusoma kwenye spika ni desibeli za wepesi wake. Kipimo hiki hueleza spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja (kwa spika ya omu 8), ukiwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya desibeli 84 na 92. Ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuzidisha mara mbili nguvu ya amplifaya, ile mashine inayozisukuma spika. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 yenye amplifaya ya wati 50 inalingana kwa sauti na spika ya desibeli 87 yenye wati 100. Watu wawili wakizungumza kawaida mezani hutoa kama desibeli 60. Wati moja tu kwenye spika ya desibeli 88 tayari imevuka hapo kwa mbali sana. Hizo wati 1,200 nani atazitumia katika sebule ya mita 20 za mraba, mtoto amelala ukuta wa pili?

Tafuta desibeli 88 au zaidi, omu 6 au 8, na mwili wa kutosha. Kuhusu mwili kuna kanuni ya zamani inayohusishwa na Anton Hofmann, mmoja wa waasisi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani iliyoanzishwa 1957. Inasema hivi kwa maneno yangu: boksi dogo, besi inayoshuka sana, na wepesi wa kutoa sauti, chagua mawili, la tatu utalikosa. Hapo ndipo spika ndefu inapata heshima yake. Imechukua nafasi ileile ya sakafu ambayo spika ndogo na stendi yake ingechukua, lakini ile nafasi ya stendi imejazwa boksi. Besi inashuka hadi karibu na hezi 40 bila kuhitaji amplifaya ya kutisha, na hununui stendi. Twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, nayo inafika kimo cha sentimita 90 hivi au zaidi kidogo, ambapo ndipo lilipo sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi. Kwa mzee hilo la mwisho lina uzito kuliko besi, maana sauti za juu husafiri kama mwanga wa tochi: ukikaa pembeni ya mwale, unazikosa.

Kwa chumba chako usiende kwenye zile zenye koni tatu za inchi 8. Koni mbili za inchi 5 na nusu au 6 na nusu, na twita moja nzuri, zinatosha kabisa. Ukienda kusikiliza, inyanyue kwanza. Spika ya kweli ya mita moja huwa na uzito wa kilo 15 hivi au zaidi. Ikipanda mkononi kama boksi la viatu, iache. Gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole: unataka mlio mfupi uliokufa, usiwe wa debe. Muuzaji akiruhusu, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye vituo vya nyuma kwa sekunde moja, chanya kwenye chekundu, na utazame koni za besi. Zenye uhai zitasogea mbele kidogo. Kwa spika zilizotumika, ambazo kwa bajeti yako sizidharau hata kidogo, kagua ule ukingo laini unaozunguka koni. Wa sponji huoza na kumomonyoka baada ya miaka. Wa mpira hudumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ilingane pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda au imeungua.

Halafu sikiliza, na usikilize ukiwa umefumba macho. Sitanii. Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wanaoheshimika sana katika fani hii, walichapisha mwaka 1994 jaribio ambalo wasikilizaji walipewa spika zilezile mara mbili: mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama walizotoa zilibadilika. Macho yalikuwa yamepiga kura. Na wewe umeshakiri kwangu kwamba moyo wako uko kwenye zile ndefu, kwa hiyo jihadhari na moyo. Usikubali kuchezewa muziki wa majaribio wenye ngoma tupu. Beba mazungumzo: taarifa ya habari, sauti ya mwanamke na ya mwanamume. Unatafuta spika ambayo mtu anasikika kama mtu, s zake hazichomi na kifua chake hakivumi. Bora zaidi, nenda na mzee. Masikio yatakayokaa nazo ni yake.

Sasa, pesa zigawe hivi. Kwanza risiva, yaani mashine ya kupokea sauti yenye amplifaya ndani yake, iwe na chaneli tano na mlango wa HDMI wa kupokea sauti kutoka kwenye runinga, ule ulioandikwa ARC. Nunua toleo la miaka iliyopita au iliyotumika. Mambo mapya yanayopandisha bei ya risiva kila mwaka mengi ni ya picha, na picha ya baba tayari ni nzuri. Soma nguvu yake kwa makini. Wati 60 hadi 80 kwa kila chaneli, zilizopimwa kuanzia hezi 20 hadi 20,000 kwa upotoshaji ulio chini ya asilimia moja, ni nguvu halali. Wati 150 zilizopimwa kwenye hezi 1,000 peke yake kwa upotoshaji wa asilimia 10 ni maneno ya kibandiko. Kisha jozi ya spika za mbele, ambazo zichukue kipande kikubwa cha akiba, karibu nusu. Kitakachobaki kiweke kwa ajili ya spika ya katikati ya familia ileile ya jozi yako, hata kama utaipata baada ya miezi. Spika tatu za mbele zinapokuwa na twita ya aina moja, sauti ya mtu anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia haibadiliki njiani.

Je, kabla ya hiyo ya katikati? Iambie risiva kwamba huna. Itagawa mazungumzo sawasawa kwenye spika mbili ndefu, na mtu aliyekaa katikati ya kochi atayasikia yakitoka pale pale runingani. Anayekaa pembeni atayasikia yakivutwa upande wake. Kwa hiyo kiti cha katikati ni cha mzee, wewe na mume wako mtakaa pembeni kwa kipindi hicho.

Na sabufa ya zamani? Nyingi za aina hiyo hazina amplifaya ndani, zinasukumwa na mashine yenyewe, kwa hiyo risiva mpya haitaweza kuiamsha. Usihuzunike. Hii ndiyo sababu nyingine ya mimi kukubaliana nawe kuhusu spika ndefu: ukiiambia risiva kwamba huna sabufa na spika za mbele ni kubwa, itapeleka hata ile chaneli ya besi ya filamu kwenye hizo mbili. Utaanza na spika mbili tu na filamu itakuwa kamili. Siku utakapopata sabufa yenye amplifaya yake, rudi kwenye menyu useme spika za mbele ni ndogo, na mpaka wa kuigawa sauti uwe hezi 80, besi ya chini yake iende kwenye sabufa. Wenye spika ndefu wengi hukataa hatua hii kwa uchungu, kwamba walilipia besi. Mpaka wa hezi 80 ndio uliopendekezwa na THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti za sinema, kwa sinema za nyumbani, na kazi yake ni kuiondolea amplifaya mzigo mzito kuliko yote, ibaki na nguvu kwa ajili ya maneno.

Tuje kwenye kochi, maana kugusa ukuta ndiko kunakonisumbua katika barua yako. Chumba cha urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa asili karibu na hezi 34, na upana wa mita 4 karibu na hezi 43. Mvumo huo una nguvu kubwa zaidi ukutani. Aliyeegemeza kichwa ukutani amekaa ndani ya lundo la besi, na besi ndiyo inayofunika maneno ya mzee. Lisogeze kochi mbele. Mita moja ingekuwa raha. Nusu mita inasaidia. Hata upana wa mkono mmoja una faida. Spika ziweke mita 2.4 hivi kutoka moja hadi nyingine, sentimita 80 zibaki kila upande, na nyuma ya kila moja acha angalau sentimita 30 hadi 40. Tundu la hewa la boksi la spika likiwa nyuma na ukuta uko karibu, besi huvimba. Waweza kulijaza sponji ukasikia tofauti mara moja. Zigeuze ndani kidogo ziangalie kochi, kisha uzisogeze kidogo kidogo huku mtu akisoma habari runingani, mpaka sauti ya msomaji isimame katikati ya kioo. Kazi hii inachukua jioni nzima, na haina gharama.

Kama nafasi hiyo nyuma haipo kabisa, kama lazima spika zibanwe ukutani, basi nakubadilishia ushauri: nunua spika ndogo nzuri zenye mwili uliozibwa bila tundu, uziweke kimo cha sikio. Ndefu ndani ya kona hutoa mvumo tu.

Waya usikuumize kichwa. Waya wa shaba tupu wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita tano, wa 2.5 unazidi mahitaji. Angalia tu usiuziwe alumini iliyopakwa shaba: ikwaruze kwa wembe, ndani ikiwa nyeupe si shaba. Na uzingatie rangi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta. Besi hupotea na mazungumzo yanatawanyika hewani, hujui yanatoka wapi. Kwa nyumba ambayo haina spika ya katikati, kosa hilo linaharibu kila kitu.

Mume wako hakosei sana kuhusu saundiba. Ingekuwa kochi haliwezi kusogea, nafasi hakuna na waya hazitakiwi, ningemuunga mkono, mradi iwe yenye spika ya katikati ya kujitegemea. Lakini mna chumba, na saundiba huwezi kuiongezea kipande kwa kipande kadiri akiba inavyokua. Mwonyeshe hesabu hiyo.

Kuhusu mtoto: spika ya kilo 15 yenye kimo cha mita moja humwangukia mtu wa miaka miwili bila onyo. Funga miguu yake mipana inayokuja nayo kwenye boksi, na upitishe mkanda mwembamba kutoka mgongoni hadi kwenye ndoano ya ukutani, hata kama unatia tundu la skrubu. Vifuniko vya nguo vya mbele visitoke kamwe. Vidole vya umri huo huenda moja kwa moja kwenye kile kikuba cha twita, na kikibonyea mara nyingi hakirudi kilivyokuwa.

Jambo la mwisho: utakapoleta risiva utashawishika kuchomeka vile vispika vya zamani viwe vya nyuma. Soma kwanza. Kama vimeandikwa omu 3, risiva nyingi haziruhusu kitu cha chini ya omu 4 au 6, na itajizima au kuungua. Viache kwenye mashine yake, mashine uipeleke chumba kingine.

Leo anza na kioo cha kabati. Mpe mzee shikamoo yangu.

Fundi